Dodoso la akili ya kitamaduni lipitie Kobero kwanza

Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, Burundi, ulisainiwa Januari 2025, na kutoka Musongati njia inakusudiwa kufika Gitega. Wajenzi ni Wachina. Upande wa Tanzania, treni za umeme zinazokwenda Dodoma zilitengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Siku reli hizi zitakapoungana, Mrundi atajikuta kazini na watu wa mataifa ambayo wazazi wake hawakuwahi kukutana nayo.

Makampuni makubwa, ya Korea yakiwemo, yanataka kujua mapema nani ataelewana na wageni. Dhana ya akili ya kitamaduni, yaani uwezo wa kufanya kazi vizuri na watu wa tamaduni nyingine, waliieneza Christopher Earley na Soon Ang mwaka 2003; mwaka 2007 Ang, Linn Van Dyne na wenzao wakatoa dodoso la kauli 20, kila moja hupewa alama 1 hadi 7. Linapima mambo manne: kujitazama unapofikiri, maarifa, hamu, na mwenendo.

Dodoso hilo lilijaribiwa Singapore na Marekani. Kwa hiyo anayelitaka kwa wafanyakazi wa Korea hulitafsiri, akampa mtu mwingine alirudishe katika Kiingereza, kisha akaangalia kama majibu bado yanajikusanya katika mafungu yale manne. Kazi ngumu huja baadaye: je, aliyepata alama za juu ndiye kweli anayefanya vizuri akipelekwa ng'ambo? Bila jibu la swali hilo, namba hazina thamani.

Nami nasema kazi hiyo ifanywe upya Burundi kabla mtu yeyote hajanyimwa ajira kwa sababu ya alama.

Fikiria mama anayefanya biashara Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania. Ng'ambo ya pili, Kabanga, atasikilizana na Mhangaza, mwenyeji wa huko, kwa sababu lugha zao ni ndugu. Akikutana na dereva aliyetoka Dar es Salaam anahamia Kiswahili, na salamu inabadilika pamoja na lugha. Muulize kama anaijua mifumo ya sheria na uchumi ya tamaduni nyingine, jambo ambalo dodoso linauliza, naye atajipa 2. Amelelewa asijisifu mbele ya watu, na maneno yenyewe ni ya darasani.

Fungu la mwenendo lina tatizo jingine. Linauliza kama unabadili ishara zako ukiwa na mgeni. Mkorea humpa mkubwa kitu kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia ulioshikiliwa na wa kushoto. Mrundi aliyefundwa vizuri hufanya hivyohivyo. Kijana wa Gitega mbele ya msimamizi Mkorea hana cha kubadili, basi ataandika alama ndogo kwa sababu tu adabu zao zimekutana.

Wahakiki waanze na Kirundi na Kiswahili, wamwombe kila anayejibu aeleze alivyoielewa kauli kabla ya kuitia alama. Kisha wateja na wafanyakazi wenzake nao wamtolee alama zao, zilinganishwe na zake. Na kauli ile ya sheria na uchumi iulizwe kwa lugha ya Kobero: mzigo ukikwama ng'ambo, unamwendea nani, na unaanza kwa kumwambia nini?