Gari la kifahari la mtumba: kipi kiende Nairobi, kipi kiishie Eldoret

Kutoka Kapseret hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, na hakuna sababu ya kuzikata kwa ajili ya kubadilisha oili. Lakini wapo wenye Mercedes-Benz C-Class na BMW X3 huku kwetu wanaofanya hivyo kila mwaka, kisha wanarudi na risiti ndefu wasiyoielewa. Wapo pia walioiona risiti kama hiyo mara moja wakaapa kutokanyaga tena kwa wakala huko Nairobi. Sasa kila kitu, giaboksi ikiwemo, kimo mikononi mwa fundi mmoja mwenye spana na moyo mkunjufu. Wa kwanza analipia asivyovihitaji. Wa pili hajui anavyovihitaji, na mwishowe yeye ndiye hulipa zaidi.

Tuanze na kile ambacho wakala anakuuzia. Oili ya kiwango sahihi inapatikana Eldoret. Filta, plagi na pedi za breki ukiagiza Nairobi leo, kesho zimefika na basi. Alicho nacho wakala ambacho fundi wa mtaani hana ni rekodi za kiwanda kuhusu gari lako wewe, kwa namba yake ya chesisi, pamoja na programu za kuingia kwenye kompyuta zake. Mengine ni kazi ya mikono, na mikono mizuri huku ipo. Ndiyo maana kila mstari wa makadirio ya wakala mimi huuliza jambo moja tu: hapa panahitajika rekodi zake, au spana tu?

Jibu linategemea sana gari limetoka wapi na lina umri gani. Kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na shirika la viwango la KEBS hakiruhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na kwa kuwa umri hushusha bei na ushuru, mengi huingia yakiwa yamekaribia kikomo hicho. Sasa tazama upande wa Japani, yanakotoka mengi yao. Huko gari binafsi hufanyiwa ukaguzi wa lazima uitwao shaken, kwanza likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Yaani mwaka wa tatu, wa tano, wa saba. Ukaguzi huo na matengenezo yanayoandamana nao ni ghali, na wengi huona heri wauze gari kabla ya kuulipia. Kwa hiyo gari linalopandishwa meli kuja Mombasa mara nyingi ni lile ambalo mwenyewe ameamua kutoligharamia tena. Lilitunzwa vizuri, halafu likaachwa mlangoni pa matengenezo makubwa. Bili hiyo umeirithi wewe.

Ndiyo sababu kabla ya kuwasha injini mimi hufungua sanduku la dashibodi kutafuta kitabu cha matengenezo. Kimeandikwa Kijapani, na wenye magari wengi hukitupa siku ya kwanza. Usikitupe. Tarehe na kilomita zimo kwa tarakimu, na simu yoyote ya kisasa yenye kamera itakutafsiria yaliyobaki. Ukikuta mwaka mdogo wa ajabu, jua ni hesabu ya enzi za wafalme wao: Heisei 30 ni 2018, Reiwa 3 ni 2021. Tazama pia vibandiko kwenye nguzo ya mlango na chini ya boneti, ambavyo mara nyingi huonyesha oili ilibadilishwa lini. Cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje huwa na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Zikizidi zile za dashibodi, mazungumzo na muuzaji yaishie hapo.

Nikishaujua umri wa kila kitu naenda moja kwa moja kwenye giaboksi, maana hapo ndipo watu huumia kweli. Kwa miaka mingi BMW na wenzake wametangaza kwamba mafuta ya giaboksi otomatiki ni ya maisha yote ya gari. Maisha hayo ni miaka mingapi, hawakusema, wala ni ya mmiliki wa ngapi. Lakini ZF, kampuni ya Ujerumani inayoiunda giaboksi ya gia nane iitwayo 8HP, iliyoanza kutumika 2009 na ambayo utaikuta kwenye BMW, Audi, Jaguar na Land Rover nyingi, inashauri mafuta yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka minane. Miaka minane ndiyo hiyohiyo ya KEBS! BMW ya mtumba inateremshwa bandarini wakati uleule mafuta ya giaboksi yake yanapomaliza muda yaliopewa na aliyeiunda.

Mstari huo usipokuwemo kwenye makadirio, uombe wewe. Kazi yenyewe haina siri, ila ina masharti. Karai la chini la giaboksi hiyo ni la plastiki na filta imo ndani yake, hivyo hubadilishwa vyote kwa pamoja. Mafuta ni ya aina yake, si kila yaliyo mekundu. Na kiwango hupimwa injini ikinguruma, mafuta yakiwa kwenye joto lililotajwa na kiwanda, joto linalosomwa kwa kompyuta. Fundi asiyeweza kulisoma anakisia. Wewe muulize tu, kwa heshima: utapimaje kiwango? Akianza kutafuta kijiti cha kupimia, ambacho giaboksi hiyo haina, mshukuru uondoke na gari lako. Akikueleza habari ya joto bila kusitasita, huna haja ya Nairobi kwa kazi hii. Jambo moja la kuonya: giaboksi ambayo tayari inateleza au kugonga gia haiponi kwa mafuta mapya, na ni makosa kumlaumu aliyeyabadilisha.

Mafuta ya breki nayo hayana mjadala. Hunyonya unyevu hata gari likiwa limeegeshwa, na ndiyo maana BMW na Mercedes-Benz huyapangia miaka miwili bila kuangalia kilomita. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji asilimia 3.7, kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Anayezungukia Langas na Pioneer huenda asiione tofauti hiyo maisha yake yote. Anayeteremka kutoka Iten kupitia Tambach kuelekea Bonde la Kerio, akiwa na gari la tani mbili lililojaa jamaa, anaweza kuiona konani: mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye mirija, pedali inazama hadi sakafuni. Kuyabadilisha ni kazi ya saa moja hivi kwa fundi mzuri wa Eldoret, na bei yake haifiki ya tairi moja la gari hilo.

Oili ya injini nitaipitia haraka. Ulaya kompyuta ya BMW inaweza kuiacha hadi kilomita zikaribie 30,000 au miaka miwili. Kwa mtu wa Kapseret mimi husema 10,000 au mwaka mmoja, maana safari zetu nyingi ni fupi, asubuhi ni baridi ya nyuzi kama 10, na injini inazimwa mjini kabla oili haijapata moto wa kukausha unyevu. Tazama mgongo wa mkebe: Mercedes-Benz ya petroli hutaka namba kama MB 229.5, BMW hutaka Longlife-01 au Longlife-04, kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Namba isipokuwepo, maneno makubwa ya mbele ya mkebe hayana kazi. Wenye BMW za injini ya N20 zilizoundwa kabla ya 2015 wawe na sikio la ziada: miongozo ya plastiki ya mnyororo wa taimingi kwenye injini hizo ilijulikana kwa kuvunjika. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini ni wa kushughulikiwa kabla ya safari nyingine, hata kama ratiba ya wakala haina neno kuhusu mnyororo.

Halafu kuna mistari ya kukataa. Hapa lazima nizungumzie mwinuko wetu, kwa sababu ndio unaouza dawa nyingi. Kapseret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na tabo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Mtu ananunua Lexus bandarini, anaipandisha huku, analalamika haivuti. Anauziwa kusafisha nozeli, kusafisha injini kwa ndani, na chupa ya kumwaga kwenye tangi. Gari linarudi vilevile, kwa kuwa halikuwa na ugonjwa. Yenye tabo hufidia kwa kuizungusha tabo kwa kasi zaidi, na hapo shida huwa tofauti: mpira wa kupitisha hewa ukipasuka hata kidogo, huku juu utausikia mapema kuliko Pwani. Kwa gari la tabo linalopoteza nguvu, lipia ukaguzi wa mirija ya hewa kabla hujalipia kemikali yoyote.

Hiyo chupa ya tangini ina kasoro nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Injini nyingi za petroli za magari haya hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Zamani petroli ilipita juu ya vali za kuingiza hewa na kuziosha. Sasa haizigusi kabisa, na masizi hujikusanya hapo mwaka baada ya mwaka. Dawa inayosafiri ndani ya petroli itazifikiaje vali ambazo petroli haipiti? Zikichafuka kiasi cha injini kutetemeka asubuhi, husafishwa kwa kufungua bomba la hewa na kuzipuliza kwa maganda ya jozi yaliyosagwa. Ni kazi ya kweli yenye gharama ya kweli, na haifai kufanywa bila dalili.

Filta ya hewa ni kinyume chake: ni rahisi, na ratiba ya kiwanda haikuijua barabara ya murramu kati ya Januari na Machi. Itazame kila unapomwaga oili. Mwenye gari la dizeli aongeze jingine: kichujio cha masizi kwenye ekzosi hujichoma na kujisafisha gari likienda mwendo mrefu lenye moto, na safari za Kapseret na mjini hazitoshi. Kabla hujakubali kulipia usafishaji wake, liendeshe vizuri hadi Nakuru, mradi taa ya onyo haijafikia hatua ya kukukataza.

Sasa Nairobi. Mawakala wapo, iwe wa BMW au ile kampuni ya Mercedes-Benz ambayo wengi bado wanaiita DT Dobie, na kuna kazi ninazowapelekea bila kulalamika: ufunguo uliopotea, taa ya mifuko ya hewa inayowaka, hitilafu ya umeme ambayo kompyuta za kawaida zinaiona kama namba isiyo na maana. Na zaidi ya hizo kuna marekebisho yaliyoagizwa na kiwanda. Mifuko ya hewa ya Takata ni mfano ambao kila mnunuzi wa mtumba anapaswa kuujua: takriban vipuliziaji milioni 100 viliitwa kurudishwa duniani, vikiwemo vya BMW na Mercedes-Benz, kwa kuwa kemikali iliyomo ilikuwa inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi na kumrushia dereva chuma usoni. Hakuna fundi wa Eldoret, awe hodari vipi, anayeweza kukuambia kwa kulitazama gari kama kipuliziaji chake kilikwisha kubadilishwa. Rekodi ya namba ya chesisi inaweza.

Namba hiyo, herufi na tarakimu 17 kwa magari ya Ulaya, iko kwenye logbuku. Msomee wakala kwa simu kabla ya kufunga safari na uulize mambo mawili: kuna marekebisho ya kiwanda ambayo hayajafanywa, na nani anayagharamia? Mara nyingi ni kiwanda, lakini pata jibu kwa maandishi, hasa kama gari lilinunuliwa kwanza Japani au Uingereza. Ukienda, mwagize aliyekupokea asiguse oili wala breki, akupe nakala ya hitilafu zote alizozisoma, na kila anachopendekeza akiandike peke yake kikiwa na sababu: ni tarehe imefika, ni kilomita, au amekiona kimechakaa. Mapendekezo ya sababu ya tatu omba akuonyeshe kwa macho gari likiwa bado limeinuliwa.