Upinde wa Kifyatuo: Ugomvi wa Siku, Si wa Mshale

Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, msimu mkuu wa kuwinda kulungu wa mkia mweupe kwa bunduki una siku 9 tu, mwishoni mwa Novemba. Mwenye upinde huanza katikati ya Septemba na kuendelea hadi Januari, zaidi ya siku 100. Ugomvi kuhusu upinde wa kifyatuo umeanzia kwenye pengo hilo.

Upinde huu hulazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Upote hukazwa na kushikwa na mtambo, hadi mwindaji abonyeze kifyatuo. Hadi 2013 Wisconsin iliwaachia wenye ulemavu na wazee wa miaka 65 na zaidi tu. Mwaka 2014 ikaufungulia kwa wote msimu wake, sambamba na ule wa upinde wa mkono. Wapiga upinde wa mkono walilalamika kwamba bunduki imeingizwa kwenye msimu wao kwa mlango wa nyuma.

Tupime dai hilo. Mshale wa gramu 26, ukitoka kwenye upinde wa mkono wa kisasa kwa mita 85 kwa sekunde, hubeba nishati ya jouli 94 hivi. Mshale wa uzito huohuo ukifyatuliwa kwa mita 120 kwa sekunde hubeba jouli 187, yaani maradufu. Lakini risasi ya gramu 11.7 inayokwenda mita 820 kwa sekunde hubeba zaidi ya jouli 3,900, zaidi ya mara 20 ya mshale uliofyatuliwa.

Umbali unaeleza zaidi. Kulungu akiwa mita 60, mshale wa kifyatuo humfikia kwa nusu sekunde, ukiwa umeshuka mita 1.2. Mlio wa upote humfikia kwa sekunde 0.18. Amebakiwa na theluthi ya sekunde ya kushtuka na kuinama, na mshale uliolengwa mapafuni ukatua mgongoni au tumboni. Mnyama huyo atakufa taratibu, mbali na macho ya aliyempiga. Risasi hufika kabla ya mlio wake, ikiwa imeshuka chini ya sentimita 3. Kwa hiyo darubini juu ya upinde humwonyesha mwindaji shabaha tu, haiuharakishi mshale.

Hata hivyo, walalamikaji wana hoja moja nzito: muda wa kujifunza. Mpiga upinde wa mkono huvuta uzito wa kilo 27 hadi 32 mbele ya mnyama anayemtazama, na mkono hauzoei hilo bila miezi ya mazoezi. Upinde wa kifyatuo hukazwa mapema, na mgeni huweza kulenga vizuri kwa mita 30 baada ya mazoezi ya siku moja. Ndiyo maana, kabla miaka 10 haijapita Wisconsin, kulungu waliouawa kwa upinde wa kifyatuo walizidi wale wa upinde wa mkono. Pamoja na hayo, bunduki katika siku zake 9 bado huua zaidi ya nusu ya kulungu wote wa mwaka.

Kuna pia hesabu ya fedha. Tangu sheria ya 1937, kodi ya bunduki ndefu na risasi, ambayo sasa ni asilimia 11, hutengwa kwa ajili ya wanyamapori. Pinde ziliongezwa kwa sheria ya 1972. Mwaka 2022 na 2023 majimbo yaligawiwa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka kutoka kodi hizo. Lakini wawindaji nchini humo walipungua kutoka milioni 14.1 mwaka 1991 hadi milioni 11.5 mwaka 2016. Mzee ambaye bega limechoka, akibaki porini kwa msaada wa kifyatuo, anaendelea kuchangia.

Basi kubishana kama huu ni upinde halisi hakumsaidii kulungu. Wahesabiwe kwanza. Wakiwa wengi kupita malisho yao, siku 100 ziachwe kwa pinde zote. Wakipungua, zipunguzwe siku au vibali kwa zote pia. Na mwenye kifyatuo asidanganywe na darubini: akaribie mpaka mita 30, na akishindwa kukaribia, asifyatue.