Ndege ya Pili au Treni? Safari ya Familia Kati ya Jidda na Madina kwa Mizani ya Fikihi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, lipo suali ambalo mtu anaweza kudhani ni la wakala wa tiketi tu, wala halimhusu imamu. Baba wa familia amenuia kwenda Umra. Anakwenda na mkewe, mama yake mzee na watoto watatu, na wamekubaliana waanze Madina kwa ziara, kisha ndio waingie Makka. Ndege kutoka Dar es Salaam au Nairobi inatua Jidda. Hapo ana njia mbili: asubiri ndege ya pili ya kumpeleka Madina, au atoke nje achukue treni. Achague ipi?

Kwa asili yake jambo hili ni mubaha, na katika mambo ya mubaha Bibi Aisha (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) hakuwa akikhiyarishwa baina ya mambo mawili ila huchukua lililo jepesi zaidi, maadamu si dhambi. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Lakini wepesi wa kijana mwenye mkoba mmoja si wepesi wa ajuza anayetembea kwa fimbo. Na ndani ya chaguo hili kuna Sala tano, kuna ihramu na kuna mali iliyolipwa kwa mkataba. Ndiyo maana tukaona tulieleze.

Kwanza tuujue wasaa tulio nao. Wazee wetu wa mwambao walipanda majahazi mpaka Jidda, na kutoka Makka hadi Madina msafara wa ngamia ulichukua siku kumi au zaidi. Waliotoka Sham walitembea kiasi cha siku 40 kutoka Damascus hadi Madina. Mwaka 1900 Sultan Abdulhamid wa Pili akaamuru ijengwe Reli ya Hijazi, na Waislamu wa nchi nyingi wakaichangia kwa mali zao, wakiihesabu kuwa ni wakfu wa Umma. Ilifika Madina mwaka 1908, urefu wake ukiwa kiasi cha kilomita 1,300, na safari ya siku 40 ikawa ya siku chache. Haikuwahi kufika Makka. Vita Kuu ya Kwanza ikaiharibu, na kituo chake cha Anbariya, Madina, leo ni makumbusho. Ikapita takriban miaka 100 Madina haina treni, mpaka ilipozinduliwa treni ya Haramain mwezi Septemba 2018. Hii ni ya umeme, njia yake ni kiasi cha kilomita 450, na mwendo wake hufika kilomita 300 kwa saa. Inatoka Makka, inapita Jidda mjini, kisha kituo cha uwanja wa ndege wa Mfalme Abdulaziz kilichofunguliwa Disemba 2019, halafu Rabigh penye mji wa kiuchumi wa Mfalme Abdullah, hadi Madina.

Kutoka kituo cha uwanja wa ndege hadi Madina treni huchukua chini ya saa 2. Ndege hukaa hewani kiasi cha saa 1. Kwa hesabu ya haraka ndege inashinda, lakini hiyo ni hesabu ya hewani. Mwenye familia lazima aongeze kusubiri, kupanga foleni ya ukaguzi tena, kungoja mizigo Madina, na safari ya gari kiasi cha kilomita 15 hadi karibu na Msikiti wa Mtume. Kwa upande wa treni naye aongeze jambo moja ambalo wengi hulisahau: kituo kimeungana na jengo la abiria namba 1. Anayeteremshwa katika jengo jingine hana budi kutafuta basi au teksi ya kumfikisha hapo, na mabegi yake yote, na watoto wake wote. Basi kabla ya kulipa, aulize ndege yake inatua jengo gani.

Sala njiani

Hapa ndipo penye uzito. Mtume (s.a.w.) alikuwa akisali Sunna juu ya mnyama wake popote alipoelekea, lakini ilipokuwa faradhi aliteremka na kuelekea Kibla, kama alivyopokea Jabir (r.a.). Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika al-Majmu' kwamba faradhi inasihi ndani ya jahazi, mtu akiwa amesimama na kuelekea Kibla. Jahazi likigeuka, naye hugeuka pamoja nalo. Na akishindwa kusimama kwa kizunguzungu husali amekaa. Wanazuoni wa zama zetu wameipima treni na ndege kwa mizani hiyo hiyo ya jahazi.

Kwa mizani hiyo treni ni nyepesi zaidi. Inatulia, na penye nafasi kwenye mwisho wa behewa karibu na mlango mtu anaweza kusimama, kurukuu na kusujudu. Kibla nacho kinajulikana bila ya chombo: ukitoka Jidda kwenda Madina unaelekea kaskazini, kwa hiyo Makka iko nyuma yako, upande wa kulia. Ukirudi, iko mbele yako kushoto. Ndani ya ndege ndogo ya saa moja, mara nyingi abiria hatakiwi hata kuinuka.

Hata hivyo hali nyingi haziwafikishi huko. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, na masafa haya yamepita mbali marhala mbili za madhehebu ya Imam Shafi. Tuchukue mfano. Adhuhuri inaingia ndege ikiwa juu, na inatarajiwa kutua baada ya kuingia Alasiri. Baba na awakumbushe watu wake wanuie, kabla ya kutoka wakati wa Adhuhuri, kuwa wanaichelewesha ili waikusanye na Alasiri. Nia hii katika madhehebu yetu ni sharti, na asiyenuia anapata dhambi ya kuichelewesha Sala nje ya wakati wake. Wakitua, watawadhe kwa utulivu na wasali rakaa mbili mbili hapo uwanjani, ndipo wapande chombo chao.

Sala isiyokuwa na ruhusa ya kukusanywa ni Alfajiri. Basi, ndugu msomaji, unapotazama ratiba, tazama alfajiri kabla hujatazama bei. Ndege inayoondoka kabla ya alfajiri na kutua jua limechomoza inameza wakati mzima. Huko itabidi usali ndani kadiri ya uwezo wako, na ukishindwa kusimama au kuelekea Kibla kwa sababu umezuiwa, wanazuoni wetu wa Kishafi husema unasali kwa heshima ya wakati kisha unairejea ukishuka. Wapo wasioona kuirejea, lakini kurejea rakaa mbili si mzigo. Pia treni ya mapema inaweza kuumeza wakati huo. Ukiwa na hiari ya kuchukua inayoondoka baada ya Sala, chukua hiyo, hata kama mtafika Madina mmechelewa kidogo.

Tanbihi kwa wenyeji wa miji yetu: ruhusa ya kupunguza haianzi kwa kufunga mabegi, inaanza kwa kuyaacha majengo ya mji. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam umezungukwa na majumba ya mji, na wa Mombasa uko Port Reitz, ndani ya mji. Mkaazi wa miji hiyo husali kamili akiwa bado uwanjani.

Mkataba wa tiketi

Tiketi katika fikihi ni ijara: mtu ananunua manufaa ya kubebwa kutoka mahali hadi mahali. Zipo sura mbili, na tofauti yake imewagharimu watu wengi. Ukinunua safari nzima, kutoka kwenu hadi Madina, kwa tiketi moja, basi umefunga mkataba mmoja na mbebaji amechukua katika dhima yake kukufikisha Madina. Ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikaondoka, ni juu yake kukutafutia nyingine. Ama ukinunua ndege mpaka Jidda kwa tiketi moja, kisha ndege ya pili au treni kwa tiketi nyingine, hiyo ni mikataba miwili. Mbebaji wa pili alikutayarishia kiti chako kwa saa mliyokubaliana na wewe hukuja. Kuchelewa kwa ndege ya kwanza si kosa lake, na hana lawama akifuata masharti ya tiketi uliyoyakubali.

Wapo mawakala wanaouza tiketi mbili mbalimbali kwa bei nafuu bila kumweleza mteja tofauti hii. Wakala ni mwenye kuaminiwa, na kunyamazia jambo ambalo mteja angelijua asingekubali si katika nasaha. Maimamu wanaoongoza vikundi wawaulize mawakala wao waziwazi: hii ni tiketi moja au mbili?

Kwa anayechukua treni, mikataba haiwezi kuwa mmoja kwa kawaida. Dawa yake ni kuacha nafasi pana kati ya kutua na kuondoka kwa treni. Saa moja haitoshi kwa familia, kuna paspoti, kuna mizigo, kuna mtoto anayetaka choo. Mwandishi haoni chini ya saa nne kuwa ni busara, na kama mtatua usiku, kulala Jidda kisha kupanda treni ya mchana ni bora kuliko kumkimbiza mzee.

Ihramu, na anayebadili nia njiani

Familia inayoanza Madina haihitaji ihramu inapopita angani kuelekea Jidda, kwa sababu mikati yao itakuwa Dhul-Hulaifa (Abyar Ali) watakapotoka Madina. Lakini huu ndio mtego: ndege ya Madina imewaacha, au treni imejaa, na mtu anasema, "Makka ni karibu, twendeni tufanye Umra kwanza." Watavaa ihramu wapi?

Anayetoka kwetu akikusudia Umra moja kwa moja anatakiwa anuie ndani ya ndege kabla au anapokuwa sambamba na mikati, nayo kwa wanaotoka kusini ni Yalamlam. Wanaobadilisha ndege Riyadh, Doha au Dubai huwa sambamba na Qarn al-Manazil. Ibn Hajar al-Haytami katika Tuhfa alimruhusu anayetoka Yemen kwa bahari acheleweshe mpaka Jidda, akiona masafa yake na Makka yanalingana na ya Yalamlam. Wenzake katika madhehebu walimpinga. Katika zama zetu Baraza la Fikihi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, kwenye kikao cha Amman cha Oktoba 1986, lilipitisha kuwa mikati ni wajibu kwa anayepita au kuwa sambamba nayo, awe ardhini, baharini au angani.

Sasa hawa waliobadili nia Jidda: walipopita mikati walikuwa na nia ya Umra katika safari hii, ila kwa njia ya Madina. Wapo wanaowapa hukumu ya aliyezukiwa na nia baada ya kupita, wakahirimie hapo hapo. Wapo wanaosema nia ya Umra walikuwa nayo tangu kwao, basi warejee kwenye mikati, na wasiporejea wachinje. Kwa kutoka kwenye khilafu, nasaha yetu ni wasibadili: wachukue treni inayofuata waende Madina kama walivyonuia. Na wakiwa hawana budi kuanza Makka, warejee kwanza kwenye mikati moja kwa gari, ndipo wahirimie. Gharama ya gari ni ndogo kuliko ya kuchinja kwa kila mtu mzima.

Kwa rai yetu, familia yenye watoto wengi na wazima wa miguu, inayotua mchana kwenye jengo namba 1, treni inawafaa zaidi: hukaa pamoja, husali kwa wepesi, wala haibebwi tena angani. Familia yenye mgonjwa wa kiti cha magurudumu au mabegi makubwa mengi, au inayotua usiku, ndege ya pili kwa tiketi moja ni bora, kwani nafasi ya mizigo katika behewa si kubwa na mwenye kubeba ni wewe mwenyewe. Na ikipatikana ndege inayotua Madina moja kwa moja kutoka miji ya Ghuba kwa bei wanayoimudu, hiyo huondosha mashaka yote ya Jidda.

Limebaki la kurudi. Basi linalotoka Madina kwenda Makka husimama Dhul-Hulaifa, watu wakaoga, wakasali na kunuia. Treni haisimami hapo. Kwa hiyo anayerudi kwa treni ama aende Dhul-Hulaifa kwa teksi mapema, ahirimie, kisha arudi mjini kupanda treni akiwa katika ihramu yake, na hilo halina ubaya. Ama aoge na kuvaa nyumbani alikofikia, na anuie kabla treni haijaipita sehemu hiyo. Treni inakwenda kasi na mikati iko karibu na mji, basi asingoje. Kunuia kabla ya mikati kunasihi, kunuia baada yake ndiko kwenye fidia. Mtoto mdogo si lazima ahirimishwe. Walii akimhirimisha, basi amchunge na manukato na mengineyo kama anavyojichunga mwenyewe, ikiwa ni pamoja na vile vitambaa vya kunukia wanavyogaiwa abiria kujipangusia.

Wallahu aalam.