Uchimbaji Usio na Shimo

Majuzi alinijia mwalimu mmoja wa shule ya upili, niliyemfundisha fonolojia yapata miaka kumi na miwili iliyopita. Baada ya kuamkuana na kujuliana hali, alitoa bahasha mkobani. Ndani mlikuwa na fomu za mkopo wa chama chake cha akiba na mikopo, zimekwisha kutiwa sahihi na wadhamini watatu, pamoja na karatasi ya bei ya kadi sita za michoro zilizokwisha kutumika, aina ya RTX 3070. "Mwalimu," akaniambia, "nataka kuchimba sarafu za kripto. Niambie tu kama kadi hizi zinafaa au nitafute zenye nguvu zaidi."

Alinijia mimi kwa sababu anajua kwamba kadi za namna hiyo ndizo nizitumiazo kuifunza tarakilishi kutambua matamshi ya Kiswahili. Kadi hizi asili yake ni michezo ya video. Ubongo mkuu wa tarakilishi ni kama profesa mmoja: hufumbua tatizo gumu, lakini kwa zamu. Kadi ya michoro ni kama uwanja uliojaa wanafunzi wa darasa la tatu, kila mmoja na hesabu yake ndogo, wote wakiandika kwa pamoja. RTX 3070 ina wanafunzi wa aina hiyo 5,888. Na huko kuitwako kuchimba si kingine ila kubahatisha nambari, mamilioni kwa mamilioni kila sekunde, mpaka ipatikane moja inayotimiza sharti la mtandao. Anayewatangulia wenzake hulipwa.

Hapa ndipo neno lilipompotosha mwalimu wangu, wala si yeye peke yake. Mwasisi wa Bitcoin, aliyejiita Satoshi Nakamoto, katika waraka wake wa mwaka 2008 aliilinganisha kazi hiyo na ya wachimba dhahabu. Nasi tukalitwaa neno, tukasema kuchimba, bila ya kuuliza. Mchimba dhahabu wa Migori akipata sururu bora huvunja mawe mengi zaidi kwa siku, na mwamba haumjui yeye wala jirani yake. Katika Bitcoin mambo ni kinyume. Ugumu wa fumbo hupimwa upya kila baada ya mabunda 2,016, yaani kama majuma mawili hivi, ili sarafu zitoke kwa kasi ile ile. Wote wakinoa sururu zao, mwamba nao hukaza. Mimi ningaliulizwa, ningaliiita kazi hii kukisia. Lakini lugha haingoji ruhusa ya wahadhiri.

Bitcoin yenyewe kadi haziiwezi tena. Ilipoanza mwaka 2009 tarakilishi za kawaida zilitosha. Kadi zikaingia mwaka 2010. Na tangu mwaka 2013 zikatawala mashine zilizoundwa kwa kazi hiyo moja tu. Kimbilio la wenye kadi likawa Ethereum, iliyozinduliwa mwaka 2015. Fumbo lake lilidai kumbukumbu kubwa, na faili lililopaswa kukaa ndani ya kadi lilinenepa daima. Mwishoni mwa mwaka 2020 lilipita gigabaiti 4, na kadi nzima zisizo na ila yoyote, ila udogo wa kumbukumbu, zikakosa kazi. Mchaguzi mwerevu wa siku hizo alitazama kumbukumbu kwanza, kisha umeme. Kasi tupu ilikuwa ya kuwahadaa wageni. RTX 3080 ilikisia takriban mara milioni 100 kwa sekunde ikila wati zipatazo 230. RTX 3070 iliyopunguzwa nguvu kwa ustadi ilifikia milioni 60 kwa wati zipatazo 125. Piga hesabu, msomaji, uone ipi iliyokuwa nafuu. Hata hivyo RTX 3080, iliyotoka Septemba 2020 kwa dola 699, mwaka uliofuata iliuzwa na walanguzi zaidi ya mara mbili ya bei hiyo.

Kisha, tarehe 15 Septemba 2022, Ethereum ikaachana na ukisiaji kabisa, na matumizi yake ya umeme yakapungua kwa zaidi ya asilimia 99. Wenye kadi wakakimbilia sarafu ndogo kama Ethereum Classic na Ravencoin. Wakajazana huko, ugumu ukapanda, malipo yakaporomoka, na kadi zilizotumika zikafurika sokoni. Yamkini zile sita za kwenye karatasi ni mabaki ya gharika hiyo.

Tuligeuza bahasha tukaandika mgongoni mwake. Kadi sita, pamoja na tarakilishi ya kuzibeba, tukazikadiria wati 900. Kwa saa 24 ni uniti 21.6 za stima. Tukiihesabu uniti kwa shilingi 25, basi ni shilingi 540 kwa siku, 16,200 kwa mwezi wa siku 30, na riba ya mkopo bado haijatajwa. Mapato ya siku ile, kwa sarafu iliyokuwa ikilipa vyema kuliko zote, hayakufika hata nusu ya gharama ya umeme.

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia kuwa mmoja wa wadhamini wake anastaafu mwakani.

"Na wewe, Mwalimu, unatumia ipi?" akauliza. Nikamwonyesha RTX 3060 yangu, ndogo kwa kasi kuliko RTX 3070 lakini yenye gigabaiti 12 za kumbukumbu badala ya 8. Kwa sauti za watu kumbukumbu ndiyo itangulizwayo. Nilinunua moja tu, tena kuukuu, baada ya kuiona ikifanya kazi saa nzima mbele yangu na feni zake zikizunguka bila kelele.

Simu yake ikalia pale pale mezani. Alikuwa ni muuzaji, amepunguza bei tena. Mwalimu akamwambia atampigia. Alizirudisha fomu bahashani bila kuzichana, akaniomba ile kalamu, akaanza kuipitia hesabu upya kutoka mstari wa kwanza.