Kukimbia bila Kuyakimbia Mawazo

Kiswahili hakikututenganishia maneno. Anayeshindana mbio anakimbia, na anayemkwepa mwenye duka anayemdai naye anakimbia. Mtu aliyeelemewa na maisha tunasema tu "ana mawazo". Wengi wanaoanza mazoezi kwa ajili ya msongo huzichanganya mbio hizo mbili: wanavaa viatu, wanaweka muziki masikioni, wanayakimbia mawazo. Wakirudi wanayakuta barazani yanawasubiri.

Mbio ninazozisema mimi ni za kubaki na mwili wako. Ushongo, ufukwe wa mkoa wa Tanga kusini ya Mto Pangani, pananifaa kwa somo hili kwa sababu pale mkimbiaji hajipangii saa. Hupangiwa na bahari. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo ukiyakuta yamepwa leo alfajiri, wiki ijayo saa hiyo hiyo yamejaa. Yakipwa, mchanga uliolowa huwa mgumu, unaubeba mguu. Hatua chache juu yake mchanga ni mkavu, unaumeza. Huko juu ndiko kasa hufukia mayai, kwa hiyo baki chini. Ufukwe nao umeinama kuelekea baharini, mguu mmoja unatua chini kuliko mwingine. Rudi kwa njia ile ile uliyoendea, magoti yagawane mzigo.

Simu iache nyumbani. Tembea dakika tano, kisha kimbia kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea na mwenzako. Sikiliza mguu unavyotua: hatua tatu ukivuta pumzi, tatu ukiitoa. Kabla hujafika hatua ya mia utajikuta unawaza ada ya shule. Hujakosea. Kule kugundua kwamba umeondoka ndilo zoezi lenyewe. Usigombane na wazo, rudi kwenye mguu. Utarudi mara hamsini, na hesabu hiyo naithamini kuliko kilomita. Jon Kabat-Zinn, aliyeanza mwaka 1979 kuwafundisha utulivu wagonjwa wa maumivu sugu huko Massachusetts, Marekani, hutumia pumzi na pia kutembea polepole. Mbio ni ndugu wa kutembea huko, mwenye haraka kidogo.

Na ile raha ya baada ya mbio? Zamani sifa zote zilipewa endofini. Lakini endofini za kwenye damu hazivuki kirahisi kuingia ubongoni, na watafiti sasa wanazitazama zaidi endokanabinoidi, kemikali ambazo mwili hujitengenezea na ambazo hugusa milango ile ile inayoguswa na bangi. Hizi polisi hawazikamati.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ila mbio si dawa ya kila kitu. Huzuni ikikuganda zaidi ya wiki mbili, usingizi na hamu ya chakula vikipotea, usiongeze kilomita. Nenda zahanati ukaseme. Mkoa huu huu wa Tanga una hospitali ya afya ya akili, Lutindi, milimani Korogwe.