Tansio ya mkono na maji ya jicho



Mwenye glokoma akiambiwa kwamba tansio yake imepanda, mara nyingi anajibu: «Ndiyo, munganga wa macho alishaniambia.» Hapana! Yule wa macho alipima nguvu ya maji yaliyo ndani ya jicho, na kipimo cha kawaida ni kati ya 10 na 21. Mwenzake anapima damu kwenye mkono. Akikuta 140 kwa 90, ndiyo 14 kwa 9 ya wauguzi wetu, au zaidi, tena mara nyingi, anasema una tansio.

Mambo haya mawili yanakutana kwenye mshipa wa kuonea, nyuma ya jicho. Maji yanaukandamiza, damu inapaswa kusukuma ili iingie kuulisha. Maji yakizidi na damu ikilegea, mshipa unashinda njaa na kufa kidogo kidogo. Kilichokufa hapo hakifufuliwi na dawa wala miwani.

Mtu akilala, kwa kawaida damu yake inashuka sehemu 10 hadi 20 kwa 100. Sasa fikiri mtu aliyesahau kidonge jana, na leo anameza viwili wakati wa kulala! Mwaka 1994, huko Iowa, Marekani, munganga Sohan Singh Hayreh alitangaza matokeo ya kupima wagonjwa wa macho tansio usiku na mchana. Kati ya wenye kumeza dawa za tansio, wale ambao macho yao yalizidi kuharibika ndio damu yao ilishuka zaidi usiku. Nawe wa zamu ya usiku, unayelala mchana, ujue damu inashuka saa ile unapolala.

Basi tuache vidonge? Hata kidogo! Tansio isiyotunzwa inapasua mishipa ya kichwa, inaharibu moyo na figo. Tia dawa zako zote katika mfuko mmoja, uzionyeshe kwa waganga wote wawili, uulize saa ya kumeza.

Na dawa ya matone usiifiche. Timololi inapita puani na kuingia katika damu. Inapunguza mwendo wa moyo, na mwenye pumu inaweza kumfunga kifua. Ukiisha kutia tone, funga jicho, bonyeza pembe iliyo karibu na pua kwa dakika mbili.

Wengine wanaficha glokoma kwa kuogopa kuondolewa kwenye kamioni. Woga huo tunauelewa, watoto wanakula mshahara. Lakini ugonjwa huu unaanza kula pembeni: dereva anaona vizuri barabara ya karieri mbele yake, asimwone mwenzake anayetembea kwa miguu upande wa kushoto. Mwambie munganga wa kazi mapema, wakati macho bado yapo na kazi nyingine inaweza kutafutwa.

Walete pia ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako wakubwa, kwani glokoma inafuata ukoo. Kupima maji ya jicho ni kazi ya dakika chache, na hakuumi.