Mama wa Kiwandani na Mtoto Anayenyonya

Leo naongea na mama anayefanya kazi kiwandani, na nyanya, shangazi au yaya anayebaki na mtoto.

Mnakumbuka tarehe 13 Machi 2020, serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya. Shule zilifungwa, lakini viwanda vya chai viliendelea na kazi. Kwa nini? Jani la chai likishachumwa halingoji. Lisiposagwa upesi huharibika, na jasho la mkulima hupotea. Kwa hivyo, iwe ni Nyansiongo, Kebirigo au Kiamokama, mashine zililazimika kunguruma usiku na mchana.

Wakati huo mama mmoja alituletea kliniki mtoto wa miezi 5. Mama huyo alikuwa akipakia chai zamu ya usiku. Kwa kuogopa kumletea mtoto korona, alimwachisha kunyonya, akampa uji na maziwa ya ng'ombe. Mtoto aliharisha hadi macho yakaingia ndani. Mama alikimbia hatari moja, akaangukia nyingine. Tulimtibu mtoto, tukamsaidia mama kumrudisha kwenye titi, na maziwa yakarudi.

Je, ugonjwa wa kupumua hueneaje kiwandani? Mashine zina kelele, kwa hivyo watu husogeleana na kupaaza sauti. Mate na hewa ya mgonjwa humfikia mwenzake. Hatari huongezeka palipofungwa madirisha, kwenye chumba cha kulia chakula, na ndani ya matatu iliyojaa. Korona, homa ya mafua na kifua kikuu zote hupitia hewani.

Basi mama ufanye nini?

1. Ukifika nyumbani, nawa mikono kwa maji na sabuni na ubadilishe nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto.

2. Ukiwa na kikohozi au homa, vaa barakoa unaponyonyesha. Usimwachishe mtoto. Maziwa yako yana kinga inayomsaidia kupigana na magonjwa.

3. Kabla ya zamu, kamua maziwa katika chombo safi chenye mfuniko. Anayebaki na mtoto amlishe kwa kikombe, si kwa chupa. Kabla ya miezi 6, mtoto hahitaji hata maji.

4. Kazini, uliza mahali pa kukamulia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha mama anayenyonyesha. Si fadhila, ni haki yako.

5. Ukiwa na kikohozi kisichokwisha, unatoka jasho usiku na kupungua uzito, nenda ukapimwe kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Nawe unayebaki na mtoto, mkimbize hospitalini mara moja akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani, akikataa kunyonya, akilegea au akipata degedege. Usingoje mama atoke zamu.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona mwezi Mei 2023, lakini virusi bado vipo, na mlipuko mwingine waweza kuja. Mama, chai hailali, na mtoto naye hangoji. Linda vyote viwili: kazi yako na titi la mtoto wako.